Mfupa Niliokudai Msibani

Mama,

Kiti chako kimerudi juzi kutoka msibani Nanganga, mguu mmoja umepasuka. Wamekifunga kamba ya katani wakakirudisha kama vile hakuna kilichotokea. Nimekiweka hapa mbele ya cherehani nakitazama, na nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani. Kwa kuwa wewe ndiye uliyezoea kuzipokea, nakuandikia wewe. Najua hukusoma. Barua zako zote nilikusomea mimi tangu nikiwa darasa la nne, na hii nitakusomea mimi vilevile nikifika Lionja.

Miezi mitano sasa tangu utuache. Kaka Saidi ameezeka upya jiko lako, ingawa hakuna anayepika humo. Yeye yuko Ruangwa na ufuta wake, mimi niko hapa Nachingwea na nguo za watu, na nyumba yako inafunguliwa Ijumaa tu ili hewa ipite. Ule ukili ulioanza kuusuka kabla nyonga haijakusumbua mara ya pili bado umeviringishwa kwenye kikapu. Kina mama wa Lionja wameniomba waushone uwe mkeka. Nimewanyima, na sikuwaeleza sababu, kwa kuwa mwenyewe siijui.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali ya misheni na ile bahasha yako ya kaki yenye picha za eksirei, nikamwona daktari wako wa mifupa. Nitakwambia alichoniambia. Lakini siwezi kuanza na hilo, kwa sababu kuna mengine ya kutangulia, na yakikaa zaidi yataniua. Halafu watu wanausimulia ugonjwa wako ovyo. Wapo wanaosema mguu ulirogwa, wapo wanaosema chuma kilikuozesha. Acha nisimulie mwenyewe, nisikie mara moja jambo limesemwa sawasawa.

Uliteleza kisimani miaka ya tisini, shingo ya mfupa wa paja ikakatika. Ulilala Lionja miezi ukifungwa dawa za kienyeji, ndipo tukakupeleka Dar, umelazwa kwenye godoro nyuma ya basi, tukavuka Rufiji kwa pantoni huku umefumba macho hutaki kuona maji. Wakakuwekea nyonga ya bandia: mpini wa chuma ndani ya paja, na kikombe cha plastiki upande wa kiunoni. Ulitembea. Karibu miaka kumi ulitembea, ukalima, ukachuchumaa, ukakaa chini ukasuka mikeka ya nusu ya kijiji. Hakuna aliyetuambia kwamba kikombe kile kilikuwa kinalika.

Ulipoanza kuchechemea tena ulisema ni baridi. Mwaka mzima ulisema ni baridi, Mama, katika nchi hii ya jua. Nilipokuburuta hadi kwa yule daktari anayekuja misheni kwa zamu, alipachika picha kwenye taa akatuonyesha. Plastiki ilikuwa imesagika, na ule unga wake ndio uliofanya mwili uanze kuula mfupa wenyewe. Kikombe kilikuwa kinacheza ndani ya shimo lililopanuka, kama mpini wa jembe uliolegea. Kukibadilisha tu haitoshi, alisema, hakuna ukuta wa kukishika. Inabidi shimo lijazwe mfupa uliosagwa na kushindiliwa vizuri, kama tunavyoshindilia udongo kwenye fito za nyumba, kisha kikombe kipya kikae juu yake. Wewe ukamwuliza, "Udongo wa nyumba tunachimba uani, baba. Huo mfupa utachimbwa wapi?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Mfupa wako wa kiuno ulikuwa umekuwa mwepesi, usingetosha. Hospitali haikuwa na mfupa uliohifadhiwa. Alisema ndugu wa damu anaweza kutoa kipande kutoka kiunoni kwake, mradi apimwe damu aonekane salama.

Kaka Saidi aliposikia kupimwa damu alikumbuka ghafla kwamba ana magunia Ruangwa hayajafunikwa. Akaondoka na gari la mchana. Simlaumu sana, au tuseme namlaumu lakini namwelewa. Wakati ule watu waliogopa karatasi ya majibu kuliko ugonjwa. Nami niliogopa. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, wewe mwenyewe ulikuwa ukimsema, na siku zile za kusubiri majibu sikula kitu kikashuka. Majibu yakatoka salama. Nataka ujue, Mama, kwamba sikuutoa mfupa ule kwa moyo mweupe. Niliutoa nimemkasirikia Saidi kwa kukimbia, nimekukasirikia wewe kwa ile baridi yako ya mwaka mzima, nimewakasirikia majirani waliokuja kuniambia mtu hakatwi akiwa mzima. Niliutoa kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Walitukata siku moja, wewe chumba hiki na mimi kile. Hakuna aliyenionya kwamba mtoaji huumia kuliko mpokeaji. Mpaka leo ngozi ya paja langu la kulia imekufa ganzi kipande cha kiganja. Pini ikidondoka pale siisikii, naiona tu nikiinuka. Muuguzi aliniambia ulipozinduka neno lako la kwanza lilikuwa, "Salima wamemkata wapi?" Siku ya tatu nilikuja kitandani kwako najikongoja. Ukavuta kanga yangu, ukainua ukingo wa bandeji kwa kidole, ukatazama, ukasema, "Mbona kubwa." Basi, ukageukia ukutani. Nilidhani umeudhika.

Kisha ikaja ile miezi mitatu. Daktari alitueleza taratibu, na nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Mfupa uliopandikizwa, alisema, unapowekwa hauna uhai, hauna damu. Ni chembe zilizoshindiliwa tu. Mishipa midogo ya damu inatambaa kuingia ndani yake, wiki baada ya wiki, na mfupa wa mwenyeji unafuata nyuma. Usipouelemea kabisa unazubaa, ukiuelemea mapema chembe zinahama na kikombe kinazama. Ukamwuliza mbona kijiti cha muhogo kinashika wiki ya pili. Akasema mfupa si muhogo, Bibi. Akaleta mizani ya kusimamia, akakufundisha ubonyeze mguu wa kushoto mpaka kilo kumi tu, uijue kwa mguu wako, usipite hapo. Ulibonyeza na kuachia, ukabonyeza na kuachia, unacheka kwamba leo na wewe unapimwa kama korosho.

Nikakuleta hapa kwangu. Kwa kuwa hukusoma nilikuchorea masharti ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Mtu amechuchumaa, nimemkata kwa mistari miwili. Mtu amekunja nne, nimemkata. Mtu amekaa chini kwenye mkeka, nimemkata. Mtu ameinama kuokota, nimemkata. Ulitazama ukuta mzima ukaniuliza, "Sasa huyu anayeruhusiwa yuko wapi?" Ukalalamika pia kwamba nimekuchora makalio makubwa.

Nikakupima kwa futi yangu ya kushonea, kutoka kisigino hadi gotini, nikampelekea vipimo fundi Alfonsi seremala. Akatengeneza viti viwili vya mninga, kimoja chenye tundu kwa ajili ya chooni, kimoja cha kukalia, inchi ishirini na mbili kwenda juu ili magoti yasiipite nyonga. Hiki ninachokitazama sasa ndicho cha kukalia. Ulikiita kiti cha DC. Ulikaa juu yake miguu haijui iende wapi, mikono haijui ishike nini, ukasema neno ambalo nililiona la kuchokoza, na leo naliona vingine: "Wewe fundi cherehani, kutwa uko juu ya kiti. Utajua nini habari ya chini?"

Ni kweli, maisha yako yote yalikuwa chini. Ulisuka ukiwa chini, ukapepeta ukiwa chini, ukasali, ukasalimia wakwe, ukalia misiba ukiwa chini. Mimi nilikuchorea hayo yote nikayakata kwa chaki, halafu nikakasirika kwa nini hufurahi.

Wiki ya saba akafariki Bi Hadija wa Nanganga. Somo yako, mliyechezwa naye unyago mkiwa wasichana. Nilikuambia usiende. Ulianza kuvaa. Nikasema basi tutakwenda na kiti, na kiti kikapanda pikapu, kikashuka Nanganga mbele ya watu wote, nikakiweka penye mlango wa nyumba ya msiba. Ndani na uani wanawake wamejaa mikekani. Wewe peke yako juu, kichwa chako kimewapita wote, magongo kando. Nilikuona unavyokaza shingo usitazame chini.

Bi Tatu alikuwapo. Yeye ni mtani wa ukoo wenu, na wewe unajua kazi ya mtani msibani. Akaja akasimama mbele yako mikono kiunoni. "Bi Zuhura, umekuja kuzika au umekuja kusimamia mtihani?" Watu wakacheka, hata wafiwa. Baadaye ulisimama kuwapisha waliokuwa wanatoka, na yeye akajitupa kwenye kiti chako, akakunja nne, akaagiza chai, akaanza kuita majina ya wanawake mmoja mmoja kama anaita wanafunzi. Ulicheka, Mama. Ulicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Ukanipa gongo moja, ukashika bega la mwanamke aliyekuwa karibu, ukajishusha. Taratibu, mguu umenyooka mbele, mpaka ukafika mkekani. Nilikuwa nakuita wewe huitiki. Ukasema, "Na Hadija tumekaa chini pamoja miaka yote. Leo siwezi kumkalia juu."

Mtani hakasirikiwi. Jambo hilo linajulikana hata kwa mtoto. Mimi nilimkasirikia. Nilivuta kiti Bi Tatu akiwa bado amekikalia, nusura aanguke. Kisha nikakugeukia wewe. Paja limekufa ganzi, naona wiki saba zote zinamwagika pale kwenye mkeka. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama, kama mfupa wangu huna kazi nao, nirudishie."

Ulitazama mkeka uliokalia, ukawa unafuata mshono wake kwa kidole, mshono mmoja hadi mwisho, kisha unaofuata, kama unakagua kazi ya mtu. Sijui ni nani aliyeusuka mkeka ule. Labda ni wewe.

Picha ya miezi mitatu ilionyesha kikombe kimeinama kidogo na mstari mwembamba mweusi ukingoni, pale ambapo mfupa ulipaswa kuwa umeshikana. Daktari alisema pengine kitatulia, pengine hakitatulia, magongo yaendelee miezi mitatu mingine. Nilikuwa sahihi. Niliisubiri siku ya kuwa sahihi, ikafika, na haikunisaidia chochote. Nilikutazama nikitegemea utabisha, unipe nafasi ya kugomba kidogo ili yaishe. Ulisema tu, "Nirudisheni Lionja na kiti changu."

Ukaanza kutii. Mama, hakuna kitu kilichonitesa kama utii wako. Ulikosa misiba miwili na harusi ya mjukuu wa jirani. Hukusuka. Uliswali juu ya kiti, ulikula juu ya kiti, ulipokea wageni juu ya kiti, na kila nilipofika ulinisalimia hivi: "Niko juu ya kiti, fundi." Ukaacha kuniita mwanangu. Mteja wa nguo ananiita fundi, Mama, sikukutegemea na wewe. Nilikuwa nakuletea mafuta ya kuchua, sukari, betri za redio, unasema ahsante fundi. Nilirudi Nachingwea kila mara nimekasirika, nikashona mikono ya magauni kinyume.

Mwaka ulipotimia tulikwenda kupiga picha tena. Ulimwambia muuguzi utaingia peke yako. Nikakaa kwenye benchi nje na mkoba wako mapajani kama mtu wa kukodi. Ulikaa ndani muda mrefu. Ulipotoka ulikuwa na gongo moja tu, na bahasha kwapani, ukasema, "Umeshika." Neno moja. Nilikuwa na neno langu la kukuomba radhi, nililibeba mdomoni kutoka hospitali mpaka Nachingwea, nikazungumzia mvua, nikazungumzia panya walioingia dukani, na neno lenyewe likashuka nami stendi.

Ulitembea tena, na hilo nashukuru. Ulirudi kwenye misiba na kiti chako kimebebwa mbele yako, na Bi Tatu akakupigia saluti kila mara. Nilisikia kwamba bibi wengine wenye magoti mabovu walianza kukiazima, kwanza kwa aibu, halafu kwa kugombania. Niliyasikia hayo kwa watu. Wewe hukuniambia.

Halafu asubuhi ile presha ikakuangusha, bakuli la njugu liko mapajani, nusu zimemenywa. Nilipofika ulikuwa umefunikwa.

Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Nilimwagia maji kwenye lile kovu refu la nyonga yako, na mwanamke mwenzangu akatazama kovu halafu akanitazama mimi kiunoni. Wakati huo nje ya dirisha nilisikia wanaume wanabishana. Alikuwa Kaka Saidi. Anauliza kama chuma kinazikwa na mtu. Wengine wakasema kitolewe, wengine kibaki. Kisha akasema lililomleta: Salima bado yu hai, kipande cha mwili wake kitatanguliaje kaburini? Na Salima mwenyewe, akasema, aliwahi kuudai mfupa wake mbele za watu kule Nanganga.

Nilisimama na kata ya maji mkononi. Maji yalikuwa yanapoa. Wewe umelala hapo, jua linapanda, na wao wanajadili kiuno changu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kuniuliza mimi mwenye kiuno. Saidi yule yule aliyekimbilia magunia. Nilitaka kutoka nje nimvue kofia. Lakini alichokisema sikuweza kukikana. Neno lilikuwa langu, yeye alilibeba tu. Shehe wa Lionja aliwanyamazisha, akasema maiti hapasuliwi kutafutwa vitu, mtu azikwe alivyo. Tukakuzika ulivyo. Ila wale watu walirudi makwao wakiamini umezikwa na mali ya mtu, na kwa miezi hii mitano hata mimi nimeamini hivyo. Kila nikikanyaga pedali na ganzi ikinishika naona kwamba nusu yangu iko Lionja chini ya udongo, na kwamba niliidai kabla hujafa, na kwamba ulikufa unadaiwa.

Ndiyo maana nilikwenda kwa daktari. Nilimtolea bahasha nikamwuliza swali la kijinga: mfupa wangu uko wapi sasa?

Alipachika picha mbili kwenye taa. Ya wiki za mwanzo ilikuwa na chembe nyeupe, kila moja kivyake, kama punje za mchele zilizomwagwa. Ya mwaka haikuwa na chembe tena. Mistari ya mfupa ilitoka kiunoni kwako ikapita moja kwa moja hadi ukingoni mwa kikombe, na ule mstari mweusi ulikuwa umefungwa. Akasema mfupa wa kupewa haukai kama jiwe ukutani. Mwili unaingiza damu ndani yake, unaumega kidogo kidogo, na kila unapomega unaweka wake mahali pale pale. Huenda chembe chache zimebaki katikati hazikufikiwa. Lakini kilichokuwa kimeshika kikombe mpaka siku ya mwisho, alisema, kilikuwa mfupa wa mama yako mwenyewe. Wa kwangu ulikuwa wa kushikizia tu, kama ninavyoshikiza vazi kwa uzi mrefu kabla sijapitisha cherehani, kisha ule uzi nauchomoa.

Kwa hiyo wanaume wale walibishana juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Nami nilidai kitu ambacho, wakati nakidai, mwili wako ulikuwa tayari umeanza kukigeuza chako, pale pale mkekani, pamoja na ukaidi wako wote.

Nilikuwa nafunga bahasha niondoke aliponiambia, "Mama yako naye aliniuliza hivyo hivyo." Nikakaa tena. Akasema siku ile ya mwaka, ulipoingia peke yako, ulimwuliza kama mfupa unaweza kutolewa ukarudishwa kwa mwenyewe. Alidhani ni utani. Alipoona hucheki akakueleza haya haya aliyonieleza mimi, kwamba hakuna tena cha kurudisha. Halafu ukamwuliza, "Na yeye, pale mlipochimba, pamejaa?" Akakujibu kwamba hajui mpaka apige picha. Ukamwambia, "Mpigeni siku moja."

Miaka miwili, Mama. Miaka miwili umekaa na jambo hilo kifuani, nami nimekaa na langu, tunaongea habari za panya. Ungeniambia garini siku ile. Ungenitukana hata. Ningekuambia nami nililokuwa nalo mdomoni, tungelia pale stendi watu wakatuona, ingekuwa imekwisha. Nimekasirika, na safari hii sijui nimemkasirikia nani kati yetu wawili, maana tumefanana mno. Nilimwambia daktari anipige picha hapo hapo.

Nimekwenda kwa Bi Tatu kumwomba radhi. Amenitoza kuku, jogoo, tena akachagua mwenyewe, na amesema bado hajamaliza na mimi. Kiti nakipeleka kesho kwa fundi Alfonsi akibadilishe mguu, kisha kirudi kwenye misiba, Lionja na Nanganga na popote penye bibi asiyeweza kushuka. Nitakibeba mwenyewe. Ukili nitawapa kina mama waushone, na mkeka ukiwa tayari nitakuja nao siku ya Ijumaa, niutandike kando yako na kukusomea barua hii nikiwa nimekaa chini. Kiuno kitaniuma. Acha kiume.

Pumzika, Mama, na wala usiniwekee lile swali. Jibu ninalo, nimeliona kwenye taa kwa macho yangu. Pamejaa. Kimebaki kishimo kidogo ukingoni, ncha ya kidole inaingia. Hicho niachie.

Mwanao,
Salima